Umeliinua gari? Na propela je?

SIKU hizi ukipita barabara yoyote kubwa jijini Nairobi hukosi kuona gari lililoinuliwa. Mara ni Land Rover kuukuu, mara ni kijigari cha Suzuki cha milango miwili, mara ni Prado lililosimama juu ya matairi manene huku mwenyewe akiwatazama wenzake kutoka juu. Huenda hata wewe una hamu ya kuliinua lako. Huenda umekwisha kuliinua.

Basi kabla hujalipa, au kabla hujaondoka nalo kwenda mashambani ukiwa na watoto, hebu nikuulize swali moja. Propela nayo umeifikiria?

Wengi hawaifikirii. Springi mpya zinaonekana, na matairi mapya yanaonekana zaidi. Propela iko chini, imejaa matope, na jirani hawezi kuisifu. Lakini unapoliinua gari, propela ndiyo inayobeba gharama ya kimo hicho.

Nitakusimulia kisa nilichokishuhudia mwenyewe. Jirani yangu alikuwa na Land Rover ya zamani, ile fupi. Mwaka mmoja mvua iliharibu barabara ya kwao, naye akaamua kuliinua gari ili familia ifike nyumbani kwa Krismasi bila kulala njiani. Alilipeleka kwenye gereji moja, akawekewa springi zilizoliinua kwa inchi tatu, shokabsoba ndefu na matairi makubwa. Likapendeza kwelikweli. Watoto walilipokea kwa makofi.

Siku ya kwanza tu alihisi mtetemo. Alipofika mwendo wa kilomita 70 kwa saa, sakafu ilitetemeka na kioo cha kando kikawa hakionyeshi kitu. Akarudi gereji.

"Mzee, hayo ni matairi mapya tu," makanika akamwambia. "Yatazoea barabara."

Hayakuzoea. Wiki mbili baadaye tulikuwa ndani ya gari hilo, yeye na mkewe mbele, mimi na watoto wao watatu nyuma, kwa kuwa nilikuwa nimeomba lifti. Tulikuwa tumekwisha kuvuka matope na tukawa tunapanda kilima cha mwisho. Ghafla tukasikia mlio kama wa nyundo juu ya bati. Injini ikanguruma, gari lisisonge. Jirani yangu akatoa gia, akavuta handibreki, akaondoa mguu kwenye breki ili ashuke kutazama.

Gari likaanza kurudi nyuma.

"Baba watoto, breki!" mkewe akapiga kelele.

Alikuwa amekwisha kutoa mguu mmoja nje. Akaurudisha, akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Tulikuwa tumerudi kama hatua kumi, na nyuma yetu kulikuwa na bonde. Hakuna aliyeumia, lakini kitinda mimba alikataa katakata kuingia tena ndani ya gari hilo siku hiyo. Tulimalizia safari kwa miguu, mizigo kichwani.

Krosi ya propela ya nyuma ilikuwa imekatika. Na handibreki je? Katika Land Rover Defender za zamani, ambazo kiwanda kiliacha kuziunda Januari 2016, handibreki haishiki gurudumu lenyewe. Hushika ngoma iliyo nyuma ya transfa, mahali propela ya nyuma inapoanzia. Propela hiyo ikikatika, handibreki hubaki imeshika chuma ambacho hakijaungana tena na magurudumu ya nyuma. Wangapi kati yetu wanaoendesha magari haya wanalijua jambo hilo?

PROPELA NI NINI?

Nguvu za injini hupita kwenye giaboksi, zikaingia transfa, yaani ile giaboksi ndogo inayozigawa kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kutoka hapo hubebwa na mabomba ya chuma yanayozunguka, moja likielekea mbele na jingine nyuma, mpaka kwenye difu. Mabomba hayo ndiyo propela.

Transfa imefungwa kwenye chasisi. Difu, katika magari yenye ekseli nzima, hupanda na kushuka pamoja na magurudumu kila unapopita shimo. Kwa hivyo propela inahitaji vitu viwili: viungo vinavyopinda katika ncha zake, na sehemu yenye meno inayoteleza ili iweze kurefuka na kufupika.

Kiungo hicho kinachopinda ndicho makanika wanakiita krosi, kwa kuwa kipande chake cha katikati kina umbo la msalaba. Si uvumbuzi wa jana. Wazungu hukiita kwa jina la Mwitaliano Gerolamo Cardano wa karne ya 16, au la Mwingereza Robert Hooke wa karne ya 17. Hooke alikwisha kuichunguza tabia yake moja ya ajabu kabla gari lolote halijaundwa duniani.

Tabia yenyewe ni hii. Krosi ikizunguka ikiwa imepinda, upande unaosukuma huenda kwa mwendo ule ule, lakini upande unaosukumwa huharakisha na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko. Pembe ikiwa ya digrii 10, mwendo hupanda na kushuka kwa kama asilimia 1.5. Ikiwa ya digrii 20, ni kama asilimia 6. Ikifika digrii 30, hupanda kwa asilimia 15 na kushuka kwa asilimia 13.

Waundaji wa magari walipata dawa: krosi mbili, moja kila ncha, zipinde kwa pembe zinazolingana. Ya kwanza ikiharakisha, ya pili hupunguza, na difu hupokea mwendo laini. Lakini dawa hii hufanya kazi tu pembe hizo zikiendelea kulingana.

Wewe mwanafunzi, chukua kalamu. Gari lenye matairi ya kipenyo cha sentimita 75 likienda kilomita 100 kwa saa, gurudumu huzunguka kama mara 700 kwa dakika. Difu ikiwa ya 4.1 kwa 1, propela huzunguka kama mara 2,900 kwa dakika. Kila mzunguko una misukosuko miwili, kwa hivyo ni karibu misukosuko 97 kila sekunde. Huo ndio mtetemo ambao jirani yangu aliambiwa ni wa matairi.

UKILIINUA HUTOKEA NINI?

Springi ndefu huinua chasisi, bodi, injini na transfa. Difu hubaki palepale kwa sababu imekalia magurudumu. Matokeo yake ni mambo matatu.

Kwanza, propela huinama zaidi. Tuseme umeinua kwa sentimita 7.5. Ikiwa propela ina urefu wa sentimita 120 na awali ilikuwa karibu kulala sawa, mwinamo wake utaongezeka kwa karibu digrii 4. Ikiwa ina sentimita 60, utaongezeka kwa digrii 7. Ndiyo sababu gari fupi huumia kuliko refu. Land Rover Defender 90 ina sentimita 236 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, nayo Defender 110 ina sentimita 279. Tofauti hiyo ya sentimita 43 huiangukia propela ya nyuma. Inchi tatu ambazo 110 ingezivumilia zinaweza kuitesa 90.

Kipimo cha kukumbuka ni hiki: kwa propela inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, mafundi wa propela hupendelea pembe ya krosi isizidi kama digrii 6, na tofauti kati ya krosi ya mbele na ya nyuma isizidi digrii 1. Isiwe sufuri kabisa vilevile. Ndani ya krosi mna beringi ndogo kama sindano, na zisipogeuka hata kidogo huchimba mahali pamoja.

Pili, umbali kutoka transfa hadi difu huongezeka. Ile sehemu ya meno huvutika nje, na meno yanayoshikana huwa machache. Gari likining'iniza gurudumu shimoni, meno hayo yanaweza kuachana kabisa.

Tatu, katika baadhi ya magari ekseli yenyewe hugeuka kidogo inaposhuka, na pua ya difu ikaelekea kusiko. Hapo zile pembe mbili hazilingani tena.

Na ujue hili pia: springi haziinui difu hata kidogo. Ikiwa shida yako ni mawe yanayogonga difu, springi za inchi nne hazitakusaidia. Ni matairi yenye kipenyo kikubwa zaidi tu yanayoitoa difu ardhini, nayo huiinua kwa nusu ya ukubwa ulioongezwa. Tairi la sentimita 84 badala ya 74 huinua difu kwa sentimita 5. Lakini hata hilo lina bei yake, kwani msukumo ule ule kwenye gurudumu sasa unadai nguvu zaidi kwa kama asilimia 13 kutoka kwa ekseli, difu na propela.

Kuna wengine huinua bodi peke yake juu ya chasisi ili matairi makubwa yapate nafasi. Njia hiyo haibadilishi pembe za propela, kwa kuwa transfa na difu hubaki zilivyokuwa, ingawa huna budi kuangalia mipira, nyaya na nguzo ya usukani.

Je, wenye Prado na magari mengine ambayo magurudumu ya mbele hujitegemea, kila moja na shafti yake? Kwao difu ya mbele imefungwa juu na ni shafti za kando zinazoinama. Hizo hutumia jointi za sivii, ambazo hupeleka mwendo laini hata zikipinda. Lakini nazo zina kikomo. Zikiinama mno, raba zinazozifunika hukunjana na kupasuka, grisi ikatoka, mchanga ukaingia. Ukisikia "tik-tik-tik" unapokata kona, jua jointi imeanza kufa. Kwa magari mengi ya aina hii, kama sentimita 5 ndizo wanazoridhika nazo watu waangalifu. Ukizidi hapo, difu ya mbele nayo huenda ikahitaji kuteremshwa kwa vipande maalumu.

TIBA NI ZIPI?

Tiba ya kwanza haina gharama: usiinue kuliko unavyohitaji. Kuna magari ya Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka wa 1989 kuchangisha pesa za ua wa kulinda msitu wa Aberdare. Ua huo wa kama kilomita 400 ulikamilika mwaka wa 2009. Magari hayo hupita mabonde na vichaka pasipo na barabara, kwa mwendo wa pole, yakiwa na wasaidizi wanaotembea mbele kutafuta njia. Wewe waenda Thika kwa kilomita 100 kwa saa, na mara mbili kwa mwaka unapita kwenye udongo mweusi unaonata. Usiige kimo cha mtu ambaye huendi naye safari moja.

Tiba ya pili ni kurekebisha pembe. Magari yenye springi za bapa huwekewa kabari za chuma kati ya springi na ekseli ya nyuma ili pua ya difu igeuke. Wengine huteremsha transfa kidogo. Lakini tahadhari: ukiigeuza ekseli ya mbele unabadilisha pia mwelekeo wa usukani, na gari linaweza kuanza kuyumba barabarani.

Tiba ya tatu ni propela ya urefu unaofaa. Hapa ndipo wengi huponzwa na bei nafuu. Kuna anayekata propela, akaunganishia kipande cha bomba la maji, akaipaka rangi nyeusi. Bomba la maji halikuundwa kubeba msokoto, na kazi hiyo isipowekwa kwenye mashine ya kusawazisha, uzito kidogo uliozidi upande mmoja hugeuka nyundo kwa mizunguko 2,900. Mwambie fundi akuonyeshe aina ya bomba na akuhakikishie kwamba itasawazishwa. Wala usidanganywe kwamba chuma kizima kisicho na uwazi ndicho bora kwa safari ndefu. Kila propela ina mwendo ambao ikiufikia huanza kupepesuka katikati kama kamba. Kadiri inavyokuwa ndefu na nyembamba ndivyo mwendo huo unavyokuwa karibu, na bomba pana huuweka mbali zaidi.

Tiba ya nne ni propela yenye krosi mbili pamoja kwenye ncha ya transfa, zilizoshikana ndani ya nyumba moja. Hizo mbili hugawana pembe na kufutiana misukosuko hapo hapo. Kwa kuwa krosi ya difu imebaki peke yake bila mwenzake wa kuilinganisha, pua ya difu sharti ielekezwe karibu moja kwa moja kwenye propela. Nchini Marekani, wenye Jeep Wrangler za TJ, modeli za mwaka wa 1997 hadi 2006, wanaijua tiba hii vizuri. Propela yake ya nyuma ni fupi mno, hivyo wanaoiinua sana hubadilisha mkia wa transfa uwe mfupi, wakapata nafasi ya propela ndefu zaidi yenye krosi mbili na meno yake yenyewe ya kuteleza.

Neno moja kwa wanaopenda nguvu. Ukiimarisha propela kupita kiasi, hujaondoa udhaifu, umeuhamisha. Mzigo uliokuwa ukate krosi sasa utakwenda kuvunja meno ya difu au ekseli. Krosi ni kitu cha kununua Kirinyaga Road asubuhi na kufungwa adhuhuri. Difu ni hadithi nyingine.

JIPIME MWENYEWE

Simu nyingi za siku hizi zina programu ya kupima mlalo, kama pimamaji ya seremala. Gari likiwa mahali tambarare, pima mwinamo wa propela, kisha mwinamo wa shafti inayotoka transfa na ile inayoingia difu. Tofauti ya kila ncha ndiyo pembe ya krosi hiyo. Fanya hivyo kabla ya kuinua na baada ya kuinua, uandike kwenye karatasi.

Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yamewekewa mawe, shika propela uisokote na kuitingisha. Krosi ikicheza hata kidogo, ibadilishe. Unga mwekundu wa kutu pembeni mwa krosi ni dalili ya kwamba grisi imekwisha. Mlio wa "ko!" unapoondoa gari au kuingiza gia ya kurudi nyuma ni dalili nyingine. Mafuta yanayovuja kwenye pua ya difu pia ni dalili. Na mtetemo unaoanza kwenye mwendo fulani usiambiwe utazoea. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tafadhali usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Makanika akifungua propela, mwombe aweke alama ya rangi pande zote kabla ya kuitenganisha. Sehemu ya meno ikirudishwa ikiwa imezungushwa, krosi mbili hazitalingana tena. Na asijitie kuirekebisha kwa macho, kwani zipo propela ambazo kiwanda kilizipanga kwa namna isiyo ya kawaida kwa makusudi. Irudi jinsi ilivyokuwa.

Kabla ya kulipa, muulize fundi maswali haya:

1. Pembe za krosi zitakuwa digrii ngapi ukishainua?

2. Meno ya propela yatabaki yameshikana kiasi gani gurudumu likining'inia?

3. Propela ikirefushwa, itasawazishwa kwa mashine?

4. Handibreki ya gari hili inashika wapi?

5. Mipira ya breki itafika gurudumu likishuka hadi mwisho?

Fundi anayejibu kwa utulivu, mpe kazi. Anayecheka, mshukuru uondoke. Na kampuni ya bima yako iarifu kwamba umelibadilisha gari, usingoje ajali ndiyo ikuarifie.

Jirani yangu aliliteremsha gari lake hadi inchi moja na nusu, akaunda propela mpya iliyosawazishwa, akabadilisha krosi zote. Mtetemo ukaisha. Krismasi iliyofuata tulikwenda naye tena, na kitinda mimba alikubali kupanda, kwa sharti moja. Kila gari lilipopumzishwa kilimani, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kushuka, akiwa na jiwe lake mkononi la kuweka nyuma ya gurudumu.

Mtoto huyo ameelewa somo. Wewe je, msomaji?